Joka la Mfukoni

Fundi cherehani ndiye aliyeshona mfuko wa kadi za mchezo za wote, ili kila Jumamosi hata asiye na kadi acheze. Kila mtu alitia zake. Yeye alitia kumi, akabakiza kadi ya joka jekundu, yenye nguvu kuliko zote.

"Shemeji," mdogo wa mkewe akamchokoza, "mbona shati lako lina mfuko kwa ndani? Umeficha moyo wa akiba?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akalitoa joka shingo upande. Kadi zikachanganywa, joka likaangukia mikononi mwa shemejiye, likammaliza fundi katika mchezo wa kwanza.

"Joka langu limenila!"

"Letu, shemeji."

Fundi akacheka mpaka machozi. Akafumua ule mfuko wa shati, akaushona ndani ya mfuko wa wote.

"Lilale humu," akasema. "Lakini taratibu, halipendi kukunjwa."