Mayai ya Katikati ya Kitanda

Ugonjwa wa vuli ulimwachia Bibi Luan kuku mmoja tu, naye akaanza kuatamia mayai wakati theluji ikianguka. Bibi akamweka ndani, juu ya kitanda cha matofali kinachopashwa moto na jiko, tulicholala sote. Upande wa jiko mayai yangeiva, kwa hiyo akampa kuku nafasi yake ya katikati, yeye akahamia ukingoni penye baridi.

Jirani Qu akacheka. "Shemeji, si uyachemshe tu tule?"

"Cheka, Mzee Qu. Nitakuita."

Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga tisa. Bibi akatoka nje kwenye theluji bila kofia, akaita juu ya ukuta:

"Mzee Qu, mayai tayari. Njoo na sufuria yako."