Hapakuwa na Wingu

...hali mbaya ya hewa, eti, na wameyachonga maneno hayo kwenye jiwe kabisa, kwa herufi za rangi ya dhahabu, Fundi aliyasoma asubuhi kabla jiwe halijafunikwa kitambaa, na sasa amesimama kando yake na kamba mkononi, anangoja Brigedia amalize hotuba ili aivute, kitambaa kianguke, wamempa heshima hiyo kwa sababu katika mafundi wa ndege wa kikosi kile cha mafunzo amebaki yeye peke yake, heshima gani, kamba kama ya kufungia mbuzi, na Brigedia anasema vijana hawa sita hawakufika mstari wa mbele lakini vita iliwachukua... vita ipi, vita ilikuwa mwendo wa siku tatu kwa lori, kilichomchukua yule kijana waliyemwita Mluzi ni bomba la mafuta la ndege yake, lenye ufa mwembamba kama unywele, aliuona kwa macho yake, akapitisha kidole kikatoka cheusi, akaandika ISIRUKE kwenye daftari la ndege, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikataka kutoboka, na Meja, mkuu wa kikosi, akalikata neno lile kwa mstari, taratibu, kama mtu anayeagiza chai, akasema, “Huko mbele wanasubiri marubani, Fundi, hawasubiri usafi wako,” na leo barabara ya langoni ina jina la Meja, barabara nzima, yenye taa... wanapiga makofi, amesema nini, amesema anga haina huruma, anga ndiyo yenye makosa basi, anga haina wakili, na yule mama wa Mluzi kwenye kiti cha mbele hapigi makofi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, miaka thelathini anabishana na barua moja ya jeshi, wanawe wengine wanamwambia mama umechanganyikiwa, majonzi hayo, na asubuhi alimvuta Fundi pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini, “Barua ilisema mawingu. Mimi siku ile nilianika mashuka hapa jirani, yakakauka kabla ya saa sita. Wewe ulikuwepo, baba. Kulikuwa na wingu?” na yeye, mtu mzima na mvi zake, akajibu ni zamani, mama, nimesahau... amesahau, yeye anayekumbuka hata ule mluzi, kijana akija anaizunguka ndege yake ya mafunzo akiipapasa mbawa, anauliza kama kila siku, Fundi, mke wangu kaamkaje, mke ndiyo ndege hiyo, na siku ile Fundi alimjibu ana kikohozi, hivyo tu, ana kikohozi, kijana akacheka, akasema basi ngoja nimpeleke akapate hewa, akapanda, na Fundi angeweza kusema shuka, neno moja, lakini Meja alikuwa amesimama pale, ameinua mkono, na kabari za kuzuia magurudumu zilikuwa zimefungwa kamba ili fundi asikaribie panga la injini, na mkono ukashuka, maana yake vuta, naye akavuta... akavuta, kamba ilikuwa nyepesi, kabari zikatoka, ndege ikaenda, na anga ilikuwa tupu, safi, aliitazama hadi ikamuumiza macho, na miaka yote hii hasira yake ameielekeza kwa Meja, kwa barua, kwa jiwe, tamu hasira hiyo, haikumuuliza yeye kitu... Brigedia amegeuza ukurasa, bado ana mmoja, jua liko juu ya kitambaa, na pembeni askari kijana tayari anamtazama Fundi, ameinua mkono kidogo, ajiandae, mkono uleule, na Fundi anaizungusha kamba kiganjani mara moja, mara mbili, haivuti, safari hii haivuti, watasubiri na vyeo vyao, kutoka hapa hadi kiti cha mbele ni hatua saba, labda nane, na maneno anayo, machache, hapakuwa na wingu, mama, na kabari nilizivuta mimi, na Brigedia anasema, na hatimaye, ndugu wananchi, na hatimaye...