Bibi wa Gauni Jekundu Chini ya Mnara wa Saa

Shangazi yangu aliupaka rangi mji mzima akiwa ameketi kwenye kiti kimoja. Kiti hicho kilikuwa katika chumba cha nyuma cha studio ya picha, karibu na dirisha. Siku hizo kamera zilitoa picha nyeusi na nyeupe tu, na mwenye studio aliuza postikadi za mitaa yetu, kwa hiyo kila kadi ilipita kwanza mikononi mwa Shangazi. Alianza na mawingu, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, akashuka kwenye mapaa na kuta, na watu akawamalizia kwa brashi yenye nywele tatu, pumzi ameibana. Mitaa yenyewe hakwenda kuikagua.

"Nikiona ukuta wa kijivu," alituambia, "nauuliza wenyewe ungependa kuwa wa rangi gani."

Kadi iliyompatia sifa ilikuwa ya kona ya mnara wa saa. Chini ya saa kuna mtu alikuwa anapita, lakini kamera ile ilikuwa na macho mazito: ukitulia inakuona, ukikimbia inakuvuruga. Mtu huyo alitoka kama wingu jeupe, pana chini, jembamba kiunoni, na kichwani kitu cha duara. Mwenye studio alisikitika.

"Huyu amekaa kama shuka lililochomoka kwenye kamba. Mfanye awe kitu."

Shangazi akamfanya mwanamke. Akampa gauni jekundu lililofika kwenye vifundo vya miguu, na kofia ya njano. Kadi hiyo ikanunuliwa kuliko zote. Kuna vijana waliokuwa wakipita kwenye kona ile wakijifanya wanaangalia saa.

Mwaka uliofuata Shangazi aliolewa na msambazaji wa mikate, mwanamume mpole ambaye mji mzima ulimwita Bwana Taratibu, maana hata chafya yake ilichukua muda kufika. Wiki ya kwanza ya ndoa alisimama mbele ya kadi iliyobandikwa ukutani, kikombe mkononi, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Mke wangu," akasema, "huyu ni mimi."

Na kweli alikuwa yeye. Asubuhi ile mbwa wa fundi saa alikata mnyororo, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake Bwana Taratibu alikimbia, aproni ya kazi ikipepea na kapu la mikate kichwani. Aliomba jambo moja tu, siri hiyo isitoke nje ya nyumba. Shangazi akaitunza miaka arobaini na mmoja. Mimi niliijua kwa sababu nilikulia kwao, na mtu akicheka peke yake jikoni lazima umuulize.

Mwaka juzi mtunza maktaba wa mji, mama mmoja mwenye bidii ya mchwa, aliandaa maonyesho ya picha za zamani. Kadi ya mnara wa saa aliikuza mpaka ikawa na kimo cha mlango, kisha akatoa tangazo: anayemfahamu mwanamke huyu afike Jumamosi, saa nne asubuhi. Shangazi alialikwa kama mgeni wa heshima. Bwana Taratibu alikuja kwa sababu aliambiwa kutakuwa na biskuti.

Zilifika familia tatu.

Wa kwanza kusimama alikuwa fundi cherehani, na amekuja na gauni lenyewe, limekunjwa ndani ya karatasi. "Hili hapa. Marehemu bibi yangu alilishona kwa mkono wake, na siku ile ndilo alilovaa."

Shangazi alilishika, akaligeuza pindo. Aliniambia baadaye kwamba lilikuwa jekundu lile lile la kwenye chupa yake, na kwamba bila shaka bibi aliiona kadi dukani, akaipenda, akaenda kununua kitambaa.

Wa pili alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na karatasi tatu zilizoandikwa pande zote. "Ule mwendo ni wa mama yangu," alisoma. "Mama hakuwa mtu wa kutembea. Mama alipita."

Wa tatu, muuza nyama, hakuwa na kitambaa wala karatasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha akagusa mguu uliochungulia chini ya gauni, mguu mpana kama kasia. "Tazameni wenyewe. Ukoo wetu wote tuna mguu huu. Huyu ni bibi yetu mzaa baba." Akavua kiatu, akauweka mguu wake juu ya kiti ili wenye shaka walinganishe.

Fundi akasema bibi yake hakuwahi kuwa na mguu wa namna hiyo. Mwalimu akasema hapo ndipo wanapokosea, mguu ni kivuli. Ikawa vuta nikuvute.

Mtunza maktaba akamgeukia Shangazi. "Mama, wewe ulimwona kwa karibu kuliko sisi sote. Gauni lilikuwa jekundu kweli?"

"Kwenye kadi ni jekundu," Shangazi akajibu, akanywa maji.

Muuza nyama alikuwa ameinama kufungua kamba za kiatu cha pili pale Bwana Taratibu alipoanza kusimama. Kusimama kwake kulichukua muda mrefu kiasi kwamba mabishano yalikwisha yenyewe.

"Mguu huo," akasema, "ni wangu."

Muuza nyama akaziacha kamba za kiatu.

"Mzee, wewe keti tu ule biskuti," mwalimu akamwambia kwa upole. "Hapa tunazungumzia mzazi wa mtu."

Bwana Taratibu hakuketi. Akaeleza habari ya mbwa, ya aproni, ya kapu. Walipozidi kutikisa vichwa, akachukua kapu la taka, akamwaga karatasi pembeni, akaliweka kichwani, na akakimbia kutoka kabati la magazeti mpaka kabati la kamusi. Nasema akakimbia kwa kumheshimu.

"Si yeye," muuza nyama akatoa hukumu. "Yule alikuwa na haraka."

"Hapa hakuna mbwa," Bwana Taratibu akajibu, akihema.

Hapo Shangazi akainuka. Zana zake za zamani zilikuwa zimepangwa mezani kama sehemu ya maonyesho, na kadi ya awali ilikuwa pale pale. Akalowesha pamba kwa tapentaini.

"Rangi hii haikuingia ndani ya picha, imekaa juu tu," alisema. "Nikisugua hapa aproni itaonekana, na mtaona nani mkweli. Nisugue?"

Fundi alikuwa amelikumbatia gauni lake. Mwalimu alizikunja karatasi zake mara mbili, kisha mara nne. Muuza nyama alikuwa anaitazama ile pamba kama mtu anayeona kisu kinamwelekea ndugu yake. Shangazi akamtazama mumewe.

"Mwache," Bwana Taratibu akasema. "Ameshazoea kuwa pale."

Mtunza maktaba, kwa busara zake, akaandika chini ya picha kubwa: Mpita njia mwenye haraka, kona ya mnara wa saa. Familia zote tatu zikakubali, maana hapakuwa na neno lililowakataa. Wakapiga picha mbele yake kwa zamu, na muuza nyama akamvuta Bwana Taratibu wasimame pamoja, miguu sambamba. Muuza nyama alikuwa na wasiwasi kidogo. Miguu ile ilifanana sana.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Shangazi akamuuliza, "Baba, miaka arobaini na mmoja umenifunga mdomo. Leo kimekupata nini?"

"Kila mtu anasifu gauni," akasema. "Gauni, gauni. Mbio zile hakuna aliyewahi kuzisifu, na mikate haikuanguka hata mmoja."

Shangazi alicheka mpaka ikabidi aketi kwenye ngazi za posta. Tukasimama kumsubiri, na kila alipojaribu kuinuka, alimtazama mumewe akaketi tena.