Protini Tumboni mwa Kapiteni

Jumapili hiyo, baada ya ibada, ukoo wa Ruffin ulikusanyika uani kwa mama yake, Mama Orpha, karibu na maporomoko ya mto, ili kumdunga Laurette sindano ya uzazi. Wenyewe hawakusema hivyo. Walisema wanakuja kula samaki. Lakini viti vilipangwa duara na kimoja kikawekwa katikati, na watu waliokuja kula samaki hawamzunguki mtu mmoja namna ile.

Laurette alikaa kwenye hicho cha katikati, akawatazama mmoja baada ya mwingine kwa dharau ambayo hata hakujisumbua kuificha. Alikuwa akifundisha biolojia katika shule ya wasichana kule Makiso. Tangu aolewe katika ukoo huu walimwita Madame, kwa kuwa hapakuwa na mtoto ambaye kwa jina lake angeitwa Mama fulani. Walilitamka hilo Madame kwa adabu nyingi, na kila mara lilimchoma pale pale walipokusudia.

Baraza liliongozwa na Tonton Hubert, baba mdogo wa Ruffin, mtu ambaye sifa yake pekee ya uongozi ilikuwa koo pana. Kando yake aliketi Osée, binamu, aliyeanza kusomea uuguzi akaishia njiani, akafungua duka la dawa lenye rafu mbili na kujiita Docteur. Alikuwa amevaa koti jeupe lenye doa la mawese kifuani. Laurette alilitazama lile doa. Mtu anayekuja kumtoboa mwenzake ngozi, hata koti hakulifua!

Aliyebaki ni Ruffin, mumewe, muuza vipuri vya pikipiki. Yeye alikaa karibu na mlango akikwaruza kucha. Katika ukoo mzima huyu ndiye mtu ambaye Laurette hakumdharau. Ruffin hakuwahi kumnyooshea kidole. Laurette alipokwenda hospitali, Ruffin alimbebea mkoba barabarani bila haya, wanaume wenzake wakimcheka. Kitandani alikuwa akimwambia kwamba wakikosa mtoto, wamekosa wote wawili. Ni kwa ajili yake huyu Laurette alikubali kuja kukaa kwenye kiti cha kipumbavu, mbele ya watu wa kipumbavu. Maana Mama Orpha alikwisha kusema waziwazi: sindano ikikataliwa, mwezi hautaisha kabla Chancelle, binti wa wafanyabiashara wa mtoni kutoka Isangi, hajaingia nyumbani kwa Ruffin na sanduku lake.

"Bon," alisema Tonton Hubert. "Tuko hapa kwa upendo. Hakuna mutu anagombana na Madame. Tunataka mutoto tu. Orpha, leta ile kitu."

Mama Orpha aliingia jikoni akatoka amekumbatia samaki, kapiteni mkubwa, amegandishwa mkavu kama gogo, tumbo lake limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Akamlaza kwenye meza, akachukua kisu.

"Huyu naye wa nini?" Laurette aliuliza.

"Humu njo dawa iko," alisema Mama Orpha, na uso wake uling'aa kwa fahari. "Ruffin alisema isikose baridi hata kidogo. Na courant ya umeme inakatika kila wakati. Alors nikajiuliza, kitu gani inashika baridi kupita kapiteni muzima? Nikamupasua, nikaiweka ndani, nikamushona. Friza ikizima, tumbo ya samaki haijui."

Wajomba na mashangazi waliguna kwa kustaajabu akili hiyo. Laurette alitaka kucheka, kisha akaona hata kicheko chake ni kikubwa mno kwa watu hawa. Mama Orpha alikata uzi, akaingiza vidole, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho. Kilikuwa kinanuka samaki. Ukoo mzima ulikiinamia kana kwamba umetolewa mtoto mwenyewe.

"Nipeni nione," alisema Laurette.

Alikigeuza mwangani. Lebo ilikuwa ya Kichina na Kiingereza, na Kiingereza chake cha vitabuni kilitosha. Ilikuwa protini ya binadamu, lakini haikutoka kwa binadamu yeyote: ilitengenezwa maabara, bakteria wamepewa jeni ya mtu wakafanyizwa kazi ya kuizalisha. Ni kitu cha watafiti wanaochunguza jinsi chembe za uzazi zinavyokua. Chini yake iliandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ni ya utafiti tu, isitumiwe kwa watu.

"Docteur," alimwambia Osée akikirudisha kichupa mezani, na neno hilo alilitamka kama wao walivyotamka Madame. "Hii inafanya nini?"

Osée alikohoa. "Hii protéine iko inaamsha mayai. Mayai ya Madame inalala."

"Inaiamsha aje? Inaiita jina?"

"Inaingia kwa tako, inapita kwa damu, inafika."

"Na inajua aje mahali pa kufika?"

"Damu inajua njia yake."

"Damu inajua njia!" Laurette alicheka hadi akashika magoti. "Wasichana wangu wa kidato cha kwanza ningewapiga sifuri kwa jibu hili. Protini ya kufanya kazi ndani kabisa ya chembe, wewe unaitupa kwenye tako kama barua isiyo na anwani. Na baraza zima linaitikia kwa kichwa!"

Tonton Hubert alianza kufura. Osée alirekebisha koti akasema kwamba Madame amesoma vitabu lakini yeye anatibu watu, na kwamba mayai ya mwanamke mwenye kiburi hulala zaidi. Watu wakasema ndiyo, ndiyo. Hapo Ruffin, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, aliinua kichwa. Labda alimwonea haya binamu yake. Labda alishindwa tu kuvumilia kusikia jambo analolijua likivurugwa.

"Osée, acha kusema ovyo," alisema. "Haiamushi yai. Iko inafanya kazi mapema, wakati mbegu ingali changa. Yenyewe njo inaisaidia ikomae. Mwanaume mwenye hana hiyo, mbegu yake inaanza vizuri, inafika katikati, inakufa. Hata bakitafuta kwa microscope, banakuta bure. Docteur wa Kampala alinichorea..."

Akarudi kwenye kucha zake.

"Iko na akili huyu," alisema Tonton Hubert, akiwageukia wenzake. "Hata masomo ya Bazungu anajua."

Hakuna aliyesikia kingine. Kilichosemwa kilipita juu ya vichwa vyao, wakaendelea kusubiri samaki. Laurette ndiye aliyekoma kucheka.

Kampala. Ruffin alikwenda Kampala mwaka juzi kutafuta pistoni. Alirudi na pistoni chache, amekonda, akashinda siku nyingi bila neno, akasema barabara ilimchosha. Na ilikuwa baada ya safari hiyo, si kabla yake, ndipo Laurette alipolala kwenye meza ya chuma hospitalini wakampitishia dawa ya rangi kwenye mirija ya uzazi, akauma kitenge chake ili asipige mayowe. Ruffin alikuwa nje ya mlango akimshikia mkoba. Alikuwa anajua, akaushika ule mkoba.

Mengine yalijipanga yenyewe. Mtu wa Guangzhou, Uchina, aliyekuwa akimtumia Ruffin minyororo na taa za pikipiki ndiye aliyeagizwa kichupa. Ruffin alikiagiza kwa ajili yake mwenyewe, maskini, akitumaini kama mtoto. Kisha kikatakiwa kukaa kwenye baridi, na friza ilikuwa moja tu, ya mama yake, na mama yake lazima aliuliza ni dawa ya nani. Kujibu swali hilo kulihitaji neno moja, na Ruffin alitoa jina la mkewe.

Wapumbavu hawa wote walikuwa hawajui kitu, na Laurette aliwadharau kwa kutojua. Hakuwahi kufikiri kwamba mwenye kujua ndiye aliyekaa karibu na mlango akikwaruza kucha.

Hata hivyo alikuwa tayari kumfichia aibu yake. Ndiyo, hata sasa. Ruffin angesema tu, Mama, tuachane na hii, twende nyumbani, Laurette angesimama amshike mkono, wangekwenda, na siri yake angezikwa nayo. Mbegu kufa katikati ya safari yake si kosa la mtu. Angemhurumia, angemlilia, angemtafutia mtoto wa kulea hata kule mbali Yahuma. Akamgeukia akampa nafasi.

"Ruffin. Lebo umeisoma?"

"Nimesoma."

"Imeandikwa nini?"

Ruffin alitazama samaki aliyepasuliwa mezani. "Ya maabara."

"Na nini tena?"

"Si ya kutia kwa mutu."

"Banaandikaka vile juu ya kujikinga," alidakia Osée, huku akivuta maji kwenye bomba la sindano. "Hata kwa vidonge vya kichwa banaandika."

Laurette hakumtazama Osée. Alikuwa akimsubiri mumewe. Mama Orpha alikwisha kuja na pamba iliyolowa pombe kali, akamgusa bega kwa upole wa kweli, akasema, "Geuka kidogo, mwanangu, ni dakika moja tu." Ruffin alijifuta uso kwa kiganja.

"Kubali tu, Laurette," alisema. "Iko kidogo sana. Haitakufanya kitu. Kubali, iishe, tutoke hapa."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Alimpenda mtu anayeweza kumwangalia akitobolewa kwa kitu kisicho cha watu, kutoka tumboni mwa samaki, kwa mkono wa mwenye koti chafu, ili yeye asione aibu mbele ya Tonton Hubert. Mbele ya Tonton Hubert! Laurette alitafuta moyoni mwake hasira akaikosa. Alichokuta ni kile kile alichokuwa akiwapa wengine siku zote, ila kwa huyu kilikuwa kizito zaidi, na kilimuuma yeye mwenyewe alipokishika. Alimdharau. Alimdharau kuliko Osée, maana Osée angalau aliamini upuuzi wake.

Alisimama. Akachukua kichupa mezani kabla Osée hajakifikia, akaenda nacho hadi mlangoni, akakiweka kwenye kiganja cha Ruffin na kumfunga vidole kimoja kimoja.

"Shika dawa yako," alisema.

"Madame!" Tonton Hubert aliruka kitini. "Unajua unachofanya? Ukitoka hapa, umetoka!"

"Tonton, nimetoka." Kisha akamgeukia Mama Orpha, na kwake tu alilegeza sauti. "Mama, mwiteni Chancelle. Mwambieni aje na kitenge cha kuuma, na kiti cha katikati mkitunze, atakihitaji. Ila yule binti ni mdogo. Mkiwa na huruma mwacheni kwao Isangi."

Akachukua mkoba wake. Nyuma yake kelele ziliwaka: wanawake waliosoma, kiburi, shule zinaharibu watoto wa watu. Osée alikuwa akilalamika kwamba bomba lake limepotea bure. Ruffin alikuwa bado ameketi pale pale, ngumi imefungwa, maji ya barafu yakimdondoka kati ya vidole.

Mama Orpha peke yake hakupiga kelele. Laurette alikuwa akivuta komeo la lango aliposikia sauti yake, ndogo, isiyo na haraka, ikimuuliza mwanawe:

"Ruffin. Docteur wa Kampala alikuchorea nini?"