Dakika Arobaini za Barke

Wiki ile Barke alikuwa akitafuta kitu kisichouzwa duka lolote la Kismayo: mtu asiye Mwislamu, mwenye huzuni, na mwenye nafasi ya nusu saa.

Usicheke. Lilikuwa zoezi lake la mwisho. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akisoma kwa simu, katika chuo cha mbali ambacho hatakiona kwa macho, namna ya kuwahudumia wagonjwa na wafiwa wa dini yoyote ile. Kiingereza alikipata katika kambi ya wakimbizi Kenya, na vitabu alivisoma kwenye kioo kilichopasuka. Sasa alitakiwa aketi na mfiwa wa dini nyingine, amuulize maswali tisa, arekodi mazungumzo kwa ruhusa yake na kuyatuma kabla ya Ijumaa adhuhuri. Akifaulu, hospitali moja ya Mombasa ilishakubali kumpa nafasi ya kukaa na wagonjwa wasio na jamaa. Asipofaulu, angebaki katika nyumba ambayo tangu mwaka jana hakuna aliyeingia ila ndugu yake Mahmoud.

Nyumba hiyo haikuwa hivyo zamani. Binti yake Wardah alifia hospitalini Ulaya, na aliyemshikia simu sikioni, ili mama yake amtamkishe shahada kutoka huku, alikuwa mwanamke Mkristo, mfariji wa hospitali. Barke hajui kuficha jambo, akawasimulia wanawake waliokuja matangani. Alidhani wangemwombea heri yule mama. Wakaanza kuaga. Siku ya pili majamvi yalijaa nusu. Siku ya tatu pilau aliila Mahmoud peke yake mpaka tumbo likamuuma. Iliposikika kwamba anasoma, ndiyo ikawa basi: Barke kabatizwa kwa simu. Watu wale si wabaya, waliogopa tu, na mwenye hofu ana haraka ya kuhukumu. Lakini mwanamke aliyezaliwa kisiwani Koyama, ambako hata chumvi huombwa kwa jirani, hakufunzwa kukaa peke yake. Barke alikuwa mpweke, mpweke hasa, hata akawa anaacha redio ikisema jikoni ili nyumba iwe na sauti.

Jumatano Mahmoud, mwenye mgahawa karibu na bandari, alimletea habari. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, Mkenya wa Machakos, Mkristo. Mama yake alifariki Jumatatu, naye hakupata ndege mpaka Jumamosi. Jina lake silitaji. Fomu ya chuo yenyewe inakataza.

Alhamisi asubuhi fundi akaja. Mahmoud alikaa kizingitini akikata vitunguu vya mgahawa, mlango wazi, wasije watu wakasema mjane amejifungia na mwanamume. Fundi alikubali maneno yake yarekodiwe. Barke akabonyeza simu, akaiweka kwenye kigoda, akatandaza karatasi ya maswali mapajani. Swali la kwanza lilisema: unajisikiaje?

Hapo ndipo alipokwama. Kwao visiwani mfiwa haulizwi. Unaingia, unatoa pole, unakaa. Akitaka kusema atasema. Kumuuliza mtu aliyefiwa na mamake juzi anajisikiaje ni utovu wa adabu, hata chuo kiseme nini. Barke aliikunja karatasi. Akammiminia kahawa ya tangawizi. Fundi alikishika kikombe bila kunywa, kisha akalia, na Barke akabaki pale pale alipo.

Dakika arobaini zilipita. Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mama, tangu Jumatatu kila mtu ananiuliza," alisema. "Asante kwa kutoniuliza."

Alipoondoka, ndugu wawili wakasikiliza walichopata. Kisu juu ya ubao, kikombe, kilio. Kama dakika ya kumi kikaingia kilio cha pili, chembamba.

"Nani huyu?" Barke aliuliza kwa lugha ya kwao visiwani. "Alikuwapo mchu mwingine?"

"Hapana mchu mwingine," Mahmoud alisema. "Ni weye."

Barke hakukumbuka kulia. Mbele ya watu hakuwa amelia tangu majamvi yalipobaki matupu.

Mahmoud, mwenye roho nzuri na akili za sokoni, alijitolea kuigiza sauti ya mtu wa bara na kuyajibu maswali yote tisa, nani angejua? Akajaribu moja, na Barke akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakataa. Basi tuma hicho kilio, Mahmoud alisema, mwalimu akisikia atakuhurumia. Barke alitaka. Alitaka sana, alijiona kabisa amekaa kando ya kitanda Mombasa. Lakini yule mtu alitoa ruhusa ya maneno, hakutoa ya machozi. Ijumaa saa nne akafuta kila kitu, akamwandikia mwalimu kwamba aliketi na mfiwa, hawakuzungumza, na hana cha kutuma. Jibu lilifika alasiri, la adabu na fupi: bila mazungumzo hakuna alama, arudie muhula mwakani. Barke alizima simu akalia, safari hii bila shahidi.

Jumamosi asubuhi ilipigwa hodi. Mahmoud hapigi hodi, huingia tu. Alikuwa yule fundi, begi la safari begani, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likimngoja mwisho wa mtaa. Alikuwa amekwenda mgahawani kumuuliza Mahmoud Barke alikuwa akimlilia nani, na Mahmoud akamweleza yote, mpaka habari ya pilau. Fundi alivua viatu, akaweka mkono kifuani kama Mahmoud alivyomwelekeza.

"Nimekuja kwa ajili ya Wardah," alisema.

Akaketi kwenye jamvi, akanyamaza.

Ng'ambo ya mtaa dirisha la jirani, Hafswa, lilifunguka, kisha la nyumba ya pili. Barke aliwaona, na alijua kufikia adhuhuri mji mzima utakuwa umesikia kwamba Mkristo yumo nyumbani kwake. Akainuka kwenda mlangoni. Mkono ulifika kwenye komeo. Kisha akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta, akarudi kukaa kwenye matanga ya mwanawe.