Nyumba Isiyo na Pembe ya Mama

Mimi ni dalali wa nyumba huku mtaa wa Shau Kei Wan, mwaka wa ishirini na mbili huu. Katika miaka yote hiyo nimejifunza kwamba mteja hakuambii anachotaka. Anakuambia asichokitaka, na hata hicho anakisema kwa kuzunguka.

Watu wa ukoo wa Heung walinijia watatu kwa haja ya nyumba moja. Chak-man, fundi wa lifti, mpole, wa miaka thelathini na tano, alikuwa haamini kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi. Mkewe Yuet-wah alikuwa nesi, mwenye macho mekundu ya zamu ndefu. Na mama yake Chak-man, ambaye sote tulimwita Mama Heung, alikuwa mjane wa miaka sabini aliyepika chakula cha shule maisha yake yote. Aliishi peke yake ng'ambo ya maji, Ngau Tau Kok, katika nyumba ya serikali. Watoto waliyasikitikia maisha hayo. Mimi niliyaona yana raha yake, maana kila alasiri alicheza mahjong, ule mchezo wa vigae, na majirani watatu, na kila alasiri alirudi kwake akiwa ameshinda au ameonewa.

Akiba ya Mama Heung ilikuwa imeingia katika ununuzi huo, kwa hiyo aliposema nyumba haitanunuliwa bila Mwalimu Ngai, mpima bahati za nyumba, kuipima kwa dira yake, hakuna aliyebisha sana.

"Mama, hayo mambo ya fengshui ni ya wazee," Chak-man alisema.

"Ndiyo. Na mimi ni mzee," akajibu. "Twende."

Mwalimu Ngai namfahamu tangu nianze kazi. Ni mtu mkavu, mwembamba, anayevaa kizibao cha suti hata wakati wa joto, na mteja akimuuliza swali anainamia dira kwanza, hata kama swali lenyewe ni saa ngapi. Tulizunguka naye nyumba kumi na moja. Moja mlango wake ulitazamana na lifti. Akasema bahati ya humu itashuka chini kila kengele ikilia. Nyingine jiko lilitazamana na sinki, moto na maji, na wenye nyumba nao wangegombana hivyo hivyo. Ya tatu, kona ya jengo la jirani ilielekea dirishani kama kisu. Kuna moja ilikuwa safi kabisa mpaka nilipofungua pazia, na mlimani mbele yetu yakatokea makaburi, safu juu ya safu.

"Majirani wazuri," Chak-man akasema. "Hawapigi kelele."

Mama yake alimtazama mara moja tu, akalifunga pazia.

Siku hizo ndipo siri zilipoanza kunijia, moja baada ya nyingine, kana kwamba walipanga foleni.

Wa kwanza alikuwa Chak-man. Alikuja ofisini na kofia yake ya kazi mkononi. "Bi Poon, mama yangu anazeeka peke yake kule. Nikimwambia ahamie kwetu atakataa, ana kiburi. Lakini Mwalimu Ngai akisema nyumba inamtaka, atakuja. Unaweza kumdokeza?"

"Si ulisema ni mambo ya wazee?"

"Ndiyo maana yatamfaa," akasema.

Siku mbili baadaye akaja Yuet-wah, ametoka kazini, bado ananuka dawa. "Dada Poon, usinione mbaya. Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Lakini tangu niolewe sijawahi kupika supu akaimaliza bila kuongeza chumvi. Nikiwa nimelala mchana baada ya zamu, sitaki mtu afagie polepole nje ya mlango wangu kwa kunihurumia. Mwalimu aseme tu nyumba haimfai. Akisema yeye, hakuna wa kulaumiwa."

Na Ijumaa yake akaja Mama Heung mwenyewe, na mfuko wa machungwa. "Mwanangu Sau-ying," akaniita kwa jina langu, "hawa watoto watanitaka nihamie kwao. Nawaona wanavyonitazama. Nikikataa, yule kijana atasema simpendi mke wake. Nikikubali, nitakufa kwa ukimya. Kwao sitakuwa na hata mtu wa kugombana naye. Mwalimu atafute kasoro. Iwe ndogo tu, lakini isiyo na dawa."

Yote hayo nilimfikishia Mwalimu Ngai tukinywa chai ya maziwa, kwenye mkahawa ulio chini ya ofisi yangu. Alikunywa mpaka nusu ya glasi.

"Wawili kwa mmoja," akasema. "Basi hata dira haina kazi."

"Kwa hiyo utadanganya?"

"Sijawahi kudanganya. Huwa natafuta ukweli unaokubaliana na mteja. Nyumba ni kubwa, kweli hazikosekani."

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ghorofa ya kumi na tisa, vyumba viwili, hewa nzuri, na ukisimama pembeni kabisa mwa dirisha la sebule uliona kipande cha bahari. Kasoro yake ilikuwa moja. Kona ya kusini-magharibi ilikuwa imekatwa, kwa sababu shimo la lifti la jengo lilipita hapo. Mwalimu Ngai aliposimama katikati ya sebule na kuinamia dira, nilimwona akitulia kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mlango mzuri," alisema. "Jiko zuri. Kitanda cha hawa wawili kikikaa ukuta wa mashariki, watapata afya na watoto. Ila kuna jambo." Akaonyesha ile kona kwa kidole. "Kusini-magharibi ni pembe ya mama. Nyumba hii haina pembe ya mama. Wenye nyumba watastawi, lakini mama akikaa humu ataugua, na ugonjwa wake hautakuwa na jina."

Nyuma ya ukuta lifti ilipita ikinguruma.

Chak-man alisawijika uso. Mama Heung aliinamisha kichwa vizuri, kwa huzuni aliyokuwa ameifanyia mazoezi, akafungua kinywa aseme maneno ya kujitolea aliyokuja nayo. Hapo akageuka kumtazama mkwewe. Yuet-wah alikuwa ametazama dirishani, lakini kioo kilirudisha sura yake. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na mdomo umelegea kama wa mtu aliyeambiwa kipimo chake hakikuonyesha ugonjwa.

Mama Heung akafunga kinywa.

Asubuhi iliyofuata simu yangu ililia kabla sijafungua ofisi.

"Hiyo pembe," Mama Heung akasema bila salamu, "haina dawa?"

"Mama, si wewe uliyetaka isiwe na dawa?"

"Nilitaka kukataa. Sikutaka kukataliwa. Hujui tofauti yake?"

Niliijua. Nikajaribu kumtuliza, nikamwambia huenda macho yake yalimdanganya. Akaniambia amepika kwa miaka thelathini mbele ya watoto mia nne, na anajua uso wa mtu aliyeambiwa leo hakuna mboga.

Nyumba ikanunuliwa. Mama Heung hakurudi kwa Mwalimu Ngai. Alikwenda Wong Tai Sin kwa mama mmoja anayesoma viganja na nyumba pia. Yule akampa dawa bila kusumbuka: mtungi wa udongo wa manjano uwekwe karibu na kona iliyokosekana, na kibuyu cha shaba kitundikwe kando ya kitanda cha mgonjwa, ambaye alikuwa bado hajaugua.

Siku ya kuhamia ilichaguliwa kwenye kalenda ya siku njema, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Nilikwenda kukabidhi ufunguo wa sanduku la barua. Nilikuta taa zote zimewashwa, debe la mchele limeshaingizwa, na sahani za nguruwe wa kuchoma na machungwa zimewekwa kwenye pembe za sebule pamoja na ubani. Palipokosekana pembe wameweka sahani mbele ya ukuta, chini ya mngurumo wa lifti. Yuet-wah alikuwa anacheka, nywele zimefungwa kitambaa. Kengele ikalia. Mlangoni alisimama Mama Heung na sanduku la nguo, mtungi kwapani, kibuyu mkononi.

"Nimepata dawa," akasema. "Msijali tena."

Chak-man alimkumbatia mama yake palepale kizingitini, jambo ambalo nadhani hakuwa amelifanya tangu shule ya msingi. Yuet-wah akapokea mtungi. "Karibu, Mama," akasema, kwa sauti ile ile ambayo nesi humwambia mtu kwamba sindano haiumi.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande. Hakukuwa na ugomvi hata mmoja, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Walistahiana mpaka wakakonda. Yuet-wah akipika, Mama Heung alimaliza bakuli bila kugusa chumvi, machozi yakimlengalenga. Mama Heung akifagia, alifagia bila viatu, akijikunyata, na Yuet-wah alilala macho wazi akisikiliza mtu anavyojizuia kutoa sauti. Kila mchana yule mama alisema anakwenda sokoni, akapanda treni mpaka ng'ambo, akacheza mahjong kwa saa mbili, kisha akarudi na kitunguu kimoja.

Aliyenenepa alikuwa Chak-man peke yake. Niliwahi kukutana naye kwenye lifti ya jengo letu akiikagua. "Bi Poon, nilikosea kuhusu haya mambo," aliniambia. "Tangu mtungi uwekwe, nyumba ina amani ajabu. Hakuna anayepaza sauti." Sasa alikuwa na dira ndogo kwenye simu yake, na alikuwa amehamisha rafu ya viatu mara mbili.

Mwezi wa pili tangu wahamie, Yuet-wah aliingia ofisini kwangu na kukaa kwenye kiti kile kile cha siku ile. Alisema ana mimba ya wiki tisa na bado hajamwambia mtu, kwa sababu akimwambia mume, mama mkwe hatatoka tena humo mpaka mtoto aoe. "Nakuomba, mrudishe Mwalimu Ngai. Atafute kasoro nyingine."

Kabla sijamjibu, mlango ulifunguliwa. Mama Heung aliingia na kitunguu chake kwenye mfuko wa plastiki.

Walitazamana.

"Umekuja kufanya nini hapa?" Mama Heung akauliza.

"Na wewe, Mama?"

Nilianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mama Heung akakaa, akaweka kitunguu mezani kwangu. Ndiye aliyeanza, na nadhani alianza kwa sababu ndiye mkubwa.

"Nilikuja kumwomba huyu amlete Mwalimu. Nataka kurudi kwangu. Nikishaondoka, wale wenzangu humweka mwanamke wa ghorofa ya sita kwenye kiti changu, na huyo anaiba vigae."

Yuet-wah alimgeukia. "Tangu lini unataka kurudi?"

"Tangu kabla sijaja. Nilimwomba Mwalimu aseme siwezi kukaa kwenu."

"Mimi pia nilimwomba hivyo."

"Najua. Nilikuona kwenye kioo." Akashusha pumzi. "Ungeniambia wewe mwenyewe, ningekasirika siku tatu. Nisingekasirika miezi miwili."

"Ungeniambia wewe," Yuet-wah akasema, "ningelia siku moja, kisha ningefurahi." Halafu akaongeza, polepole: "Na supu yangu, Mama?"

"Haina chumvi. Haijawahi kuwa na chumvi. Wagonjwa wenu ndio wanaoiweza."

Yuet-wah alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kisha akamwambia habari ya mtoto. Mama Heung hakupiga kelele. Alimshika mkono akaugeuza, akautazama kama anayetafuta kitu alichokisahau hapo, akauliza tu kama chakula kinakaa tumboni.

Kilichobaki kilikuwa Chak-man. Wote wawili walikubaliana kwamba ukweli ungemuumiza, na kwamba siku hizi yeye huamini dira kuliko watu. Basi Mwalimu Ngai akaitwa tena, na mimi ndiye niliyemlipia teksi.

Alifika Jumapili na kizibao chake cha suti. Aliuzunguka mtungi mara tatu. Chak-man, aliyekwisha kuambiwa habari ya mtoto, alimfuata nyuma na daftari.

"Dawa imefanya kazi kupita kiasi," Mwalimu akasema mwishowe. "Pembe ya mama imejaa mpaka inafurika. Na sasa kuna mtoto anakuja, anataka nafasi. Mama awe anaingia na kutoka, kama hewa. Siku mbili kwa wiki. Asilale."

Chak-man aliandika yote. Kisha akainua kichwa, uso umejaa wasiwasi wa kweli. "Mwalimu, hii haina dawa?"

"Haina," wakasema mama yake na mkewe kwa pamoja.

Mama Heung alihama kabla ya saa kumi, bila kutazama kalenda. Mtoto ameshazaliwa, na siku hizi huja Jumanne na Ijumaa na chupa ya supu ya moto, hukaa na mjukuu, humwambia mkwewe wazi chumba gani kichafu, na Yuet-wah humwambia wazi kwamba ufagio uko nyuma ya mlango. Wanapaza sauti mpaka majirani wa ghorofa ya ishirini wamelalamika kwa msimamizi wa jengo. Chak-man alinipigia wiki iliyopita, amefadhaika, akitaka namba ya Mwalimu Ngai. Anasema amani imeondoka nyumbani kwake na hajui ni kona ipi.