Siku Majirani Walipopika Makwao

Kilio kilipotoka nyumba ya pili asubuhi ile, Paskazia aliwasha jiko lake. Mtaani kwao Buswelu, jirani akifiwa hakuna anayeinjika sufuria nyumbani. Watu wanakwenda kupika na kula hukohuko msibani. Kuwasha moto wako wakati mwenzako analia ni kumwambia kwamba msiba ni wake, ninyi hamumo. Na Mama Chenge, mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana, alikuwa ameshapitisha neno mlango kwa mlango: siku msiba ukiingia nyumba ile, kila mtu apike kwake.

Aliyefiwa ni Tereza. Binti yake Precious, aliyeugua seli mundu tangu ananyonya, alikata roho alfajiri.

Kosa la Tereza ni kwamba baba yake Mama Chenge alipofariki, yeye hakuonekana msibani, hata kuosha sahani. Siku zile alikuwa hospitali, Precious anaongezewa damu. Paskazia alilijua hilo, na kwenye kikao cha kikundi alilisema, kwa sauti ndogo.

"Nani hana mgonjwa hapa?" Mama Chenge alimuuliza. "Wewe mama yako si amelala ndani na kiharusi? Mbona ulikuja?"

"Mwache yeye na Tereza wake waanzishe kikundi chao," mwingine akadakia. "Wazikane wawili."

Wanawake walicheka. Paskazia naye akacheka, kidogo. Tangu hapo, akikutana na Tereza bombani, alijifanya anakaza ngata kichwani.

"Paskazia," mama yake, Bibi Wilhelmina, aliita kutoka ndani. "Nani analia?"

"Mama Precious."

"Na wewe unapika?"

"Uji wako, mama."

"Tangu lini mtu anapika kwake jirani kafiwa? Nenda."

Paskazia akaendelea kukoroga. Mume wake yuko machimboni, ndugu zake wako mbali. Mama huyu hana siku nyingi, na wachimba kaburi, waoshaji, masufuria makubwa, vyote ni vya kikundi. Hilo hakuweza kumwambia mgonjwa.

Ndipo Tereza akaingia uani, kanga kaifunga kiunoni, mikono inachuruzika maji. Ng'ambo ya njia, barazani kwa Mama Chenge, wanawake waliokuwa kwenye mkeka wakanyamaza.

"Dada Paskazia, sikuombi uje kukaa," alisema. "Namwosha mwanangu. Amekuwa mrefu, nashindwa kumgeuza peke yangu. Njoo unishikie tu, halafu urudi."

Paskazia aliuweka mwiko chini. Alikuwa ameshaanza kuinuka. Kule barazani mtu akakohoa, na maneno yakamtoka mdomoni kabla hajayapima.

"Kwani wewe kwenye msiba wa mzee wao ulikuwa wapi?"

Jibu alilijua. Alilisema mwenyewe mbele ya watu.

Tereza alimtazama, kisha akatazama nyuma ya Paskazia, kama anayemtafuta mtu mwingine aliyeuliza. Akageuka akaondoka.

Aibu ilimpanda Paskazia mpaka masikioni. Akaingia ndani na bakuli la uji. Mama yake akafumba mdomo, uji ukateremka kidevuni. Paskazia alimfuta, akajaribu tena, na huku akijaribu alianza kusikia hasira. Si angejibu? Mtu unaulizwa vizuri, unageuza mgongo? Halafu si alikuwa hivyohivyo siku zote, anapita na salamu ya haraka, anakung'uta mkeka wake upande wa wenzake? Mambo ambayo jana hayakuwa na uzito yalikuja yakajipanga yenyewe.

Aliliacha bakuli pale, akavuka njia.

"Shikamoo, Mama Chenge."

"Marahaba. Alikuja kwako yule."

"Alikuja. Nimemuuliza siku ile alikuwa wapi."

"Akasemaje?"

"Atasema nini? Hana jibu. Ana kiburi yule mwanamke."

"Si tulikwambia," Mama Chenge alisema, bila ukali.

Wanawake wakasogea kwenye mkeka, Paskazia akapata pa kukaa.